Kengele isiyo na jina la mwanamke: barua ya wazi kwa watunza kumbukumbu za vita Ufaransa

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya wapiganaji wa zamani, kwenu mameya wa Paris na vitongoji vyake, na kwenu wakurugenzi wa makumbusho na nyaraka za vita,

Salamu nyingi. Mimi ni mama wa Kikenya, mzaliwa wa Nakuru, na huu ni mwaka wa kumi na nne nikiishi Nanterre. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: nawaogesha, nawapikia, nawafulia, nawasindikiza hospitali. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo bila kukosea sarufi, na kwa sababu wenzangu wengi tunaofanya nao kazi hii wataisoma: Wakenya, Watanzania, Wakongo wa Bukavu na Lubumbashi. Nakala ya Kifaransa itawafikia kwa posta.

Jumapili moja ya mwezi wa tano nilipanda Mont-Valérien, kilima chenye ngome magharibi ya Paris, na kundi la wageni. Kilima chenyewe nakiona kila siku nikiwa kwenye basi, ila sikuwahi kuingia ndani ya ngome. Mwongozaji alitupitisha njia waliyopitishwa waliohukumiwa kifo, kutoka kwenye kikanisa walimofungiwa saa zao za mwisho hadi kwenye uwazi ule ulio bondeni, katikati ya miti. Ndani ya kikanisa bado yapo maneno waliyoyakwaruza ukutani. Mbele yake ipo kengele kubwa iliyowekwa mwaka 2003. Imejaa majina juu hadi chini, zaidi ya 1,000, ya watu waliopigwa risasi hapo na Wajerumani walipoikalia Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia.

Mimi nina tabia ya kusoma majina. Nikienda makaburini kumzika mtu huishia kusoma misalaba ya wasionihusu. Basi nikaizunguka ile kengele mara mbili, polepole, hadi wenzangu wakaanza kuniangalia. Nilikuwa natafuta jina la mwanamke. Nilipolikosa nikamuuliza mwongozaji, naye akanijibu kwa upole kwamba hapo hakupigwa risasi mwanamke.

Ni kweli tupu, na sina ugomvi na kijana wa watu. Lakini jibu hilo lilinikaa kooni wiki nzima, mpaka nikaanza kusoma.

Kumbe wanawake hawakuachwa hai kwa huruma. Walipelekwa kuuawa kwingine. Chukueni kesi mnayoijua vizuri kuliko mimi, ya kundi la Missak Manouchian, moja ya makundi ya upinzani, yaani ya watu waliopambana kwa siri na Wajerumani. Walioshtakiwa ni 23, wengi wao wahamiaji: Waarmenia, Wapolandi, Wahungari, Waitaliano, Wahispania. Tarehe 21 Februari 1944 wanaume 22 wakapigwa risasi hapo Mont-Valérien. Wa 23 alikuwa Olga Bancic, Myahudi mzaliwa wa Bessarabia, mama wa binti mdogo. Kazi yake ilikuwa kubeba silaha na vilipuzi kuvipeleka karibu na mahali pa shambulio, na baadaye kuzirudisha zile bastola, kwa sababu mwanamume aliyetoka kufyatua risasi hawezi kukimbia mjini na bastola mfukoni halafu akapekuliwa. Mwenye kutembea nayo, taratibu, kikapu mkononi, alikuwa yeye. Hukumu yake ilikuwa kifo kama wenzake. Ila yeye walimpakia, wakampeleka Ujerumani, na tarehe 10 Mei 1944, siku aliyotimiza miaka 32, wakamkata kichwa katika gereza la Stuttgart. Siku moja kabla alikuwa amemwandikia bintiye barua ya kumuaga.

Lile bango jekundu ambalo Wajerumani walilibandika kuta zote za Ufaransa kulichafua kundi hilo lilikuwa na picha za wanaume kumi. Olga hayumo. Kengele yenu nayo ina wanaume wa kundi lile. Olga hayumo. Bango lilitengenezwa na adui na kengele imetengenezwa na taifa lenye shukrani, na kwa habari ya mwanamke huyu mmoja vimefikia jibu lile lile.

Wanahistoria husema Wajerumani waliogopa kuwapiga risasi wanawake hadharani kwa sababu ya yaliyowapata Brussels mwaka 1915, walipomuua muuguzi Mwingereza Edith Cavell na dunia nzima ikawazomea. Hivyo wanawake wakauawa kimyakimya, mbali na kwao, kwa gilotini, au wakaachwa wafe kwa njaa na homa ya chawa kambini. Walitaka mauaji yasionekane. Sasa nyinyi mnaweka kumbukumbu pale tu mauaji yalipoonekana. Je, hamwoni mmefuata mpango wa nani?

Haya, tushuke kilimani tuingie mjini. Paris imejaa vibao vidogo vya mawe vyenye maneno "hapa alianguka fulani", vingi vya wiki ile ya Agosti 1944 mji ulipokombolewa. Navipenda, nikivipita huvisoma vyote. Lakini angalieni hesabu yake. Kijana aliyeshika bunduki siku tano na kuanguka kona ya barabara ana jina lake ukutani, na ni haki yake. Mama aliyeishi ghorofa ya nne ya jengo lile lile, akaficha watu miaka mitatu, akakamatwa usiku na kufia Ravensbrück, kambi ya wafungwa wanawake kule Ujerumani, mara nyingi ukuta wake uko mtupu, maana yeye hakuanguka hapo. Kibao kinamfuata anayeanguka. Anayefungua mlango hafuatwi na kitu.

Nataka niwaeleze kazi ya kufungua mlango, maana naona wengi wenu mnaitaja kama wema, kama vile kumpa mgeni chai.

Kuna bibi mmoja niliyemhudumia miaka minne mpaka alipofariki. Simtaji jina, familia yake haijaniruhusu na yeye mwenyewe hakupenda makuu. Nilikuwa namwita Bibi, hivihivi kwa Kiswahili, akazoea hadi akawa anaitika. Alizaliwa 1936 katika mji mdogo kusini mwa Paris. Baba yake alikuwa mmoja wa wale Wafaransa zaidi ya milioni 1.5 waliochukuliwa mateka wa vita Ujerumani mwaka 1940, na mama yake akabaki kufulia watu nguo ili waishi. Ndani ya miaka ya 1943 na 1944 walipita watu watatu katika chumba chao cha juu: rubani Mwingereza aliyekuwa ameanguka na ndege, msichana wa Kiyahudi wa rika lake Bibi, na mwanamume mmoja ambaye hakuwahi kutaja jina wala hawakumuuliza.

Ukisikia hivyo unafikiri shida ni Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani. Bibi alikuwa akiniambia hapana, shida ya kila siku ilikuwa mkate. Chakula chote kilikwenda kwa kuponi. Mwaka 1941 mtu mzima wa kawaida alipata gramu 275 za mkate kwa siku, basi. Mgeni wa siri hana kadi. Hayupo duniani kiserikali. Anakula nini? Anakula fungu lako. Gawanya gramu 275 kwa wawili upate 137 na nusu kila mmoja, halafu ufue mashuka ya watu kutwa nzima na tumbo hilo. Ukienda kununua zaidi kwa magendo, mwenye duka atajiuliza una wageni gani. Ukipata kuponi za wizi, na makarani wanawake wa ofisi za miji walizitoa nyingi tu kwa hatari ya shingo zao, bado huwezi kuzitumia zote duka moja. Unazungusha: leo huku, kesho kule kilomita tatu, keshokutwa unamtuma mtoto.

Halafu kuna nguo. Hili sikulipata kitabuni popote, nilipata kwa Bibi tulipokuwa tunakunja shuka pamoja, yeye ameketi na mimi nimesimama. Mama yake alikuwa dobi na kamba yake ilikuwa uani, jirani zake wote wanaiona. Nyumba isiyo na mwanamume, mume wake yuko Ujerumani, na wateja wake wote wanajulikana. Siku moja jirani akasema kwa kucheka, "Naona umeongeza mteja mwenye mabega mapana." Tangu hapo shati la yule rubani lilikaushwa ndani, juu ya jiko, usiku, madirisha yamefungwa, na jiko lenyewe halina makaa ya kutosha. Siri ya mtungi muulize kata. Siri ya nyumba ile ilikuwa kwenye kamba ya nguo, na aliyeilinda ni mwanamke aliyejua nani anahesabu nini.

Bibi mwenyewe alikuwa na kazi yake akiwa na miaka saba. Kila alasiri alikwenda kuchukua maziwa shambani na mkebe wa bati, wenye mfuniko na mkono wa kubebea. Fundi bati mmoja alikuwa ameuwekea tako la pili, na kati ya matako hayo mawili palipita karatasi. Karatasi gani, hakujua. Aliambiwa asikimbie na asiringe, atembee kama mtoto aliyechoshwa na kutumwa. Siku moja askari wa Kijerumani pale darajani alimsimamisha, akafungua mfuniko, akachota maziwa kwa kikombe chake, akanywa, akafuta mdomo, akamwambia nenda. Alifika nyumbani akachapwa kwa kupunguza maziwa, kabla hajapata nafasi ya kueleza. Alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anakohoa, nami namshika mgongo.

Nilipomwambia kwamba mama yake alikuwa mpiganaji, alinikatalia. "Mama hakufanya kitu. Alikuwa anafua tu."

Na hapo ndipo makaratasi yalipowasaidia kukosea. Sheria ya tarehe 25 Machi 1949 iliyoanzisha kadi ya mpiganaji wa hiari wa upinzani ilidai, kwa kawaida, uwe umetumika siku 90 kabla ya tarehe 6 Juni 1944, na utumishi wenyewe ukathibitishwa kupitia kikosi au mtandao uliotambuliwa. Hayo ni maswali ya jeshi: ulikuwa kikosi gani, nani kamanda wako, uliandikishwa lini? Mama yake Bibi alikwenda kwenye ofisi moja miaka ile akaulizwa hayo hayo. Akasema hakuna aliyemwamuru, na siku ya kwanza haikumbuki, anakumbuka tu ilikuwa siku ya kufua. Karani akamrudishia fomu kwa adabu. Hakurudi tena. Ningekuwa mimi ningerudi nimgombeze, lakini mimi ni wa zama nyingine.

Hata waliokuwa na mtandao na cheo hawakuonekana vizuri zaidi. Nishani kuu ya Jenerali de Gaulle, aliyeongoza Wafaransa Huru kutoka London, ile ya Maswahiba wa Ukombozi, ilipewa watu 1,038. Wanawake ni sita. Tena wanne kati ya hao sita walikuwa wamekwisha kufa walipoipata. Mmojawapo ni Simone Michel-Lévy, mtumishi wa posta na simu, aliyetumia magunia ya barua ya serikali kusafirisha ujumbe na vifaa vya redio. Alipelekwa kambini, akawekwa kwenye kiwanda cha risasi, akaihujumu mashine. Wakamnyonga Flossenbürg tarehe 13 Aprili 1945, siku kumi kabla kambi haijakombolewa. Laure Diebold, mmoja wa wale wawili waliokuwa hai, alikuwa karani wa Jean Moulin, mjumbe wa de Gaulle aliyeyaunganisha makundi ya upinzani, kule Lyon: anapiga chapa, anageuza telegramu kuwa namba na namba kuwa telegramu. Karani! Mkimtoa yeye hapo, Moulin hana sauti wala masikio. Na Marie-Madeleine Fourcade, aliyeongoza mtandao wa ujasusi wa Alliance wenye mawakala wapatao 3,000, hayumo katika 1,038. Nimesoma maelezo mbalimbali ya kwa nini. Hakuna lililoniridhisha.

Kuna mwanamke mmoja nitakaye mkae naye kidogo, ingawa si Mfaransa. Andrée de Jongh, Mbelgiji, mchoraji wa matangazo na muuguzi wa kujitolea. Mwezi Agosti 1941, akiwa na miaka 24, alijitokeza katika ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Bilbao, Hispania, na askari mmoja Mwingereza pamoja na vijana wawili wa Kibelgiji aliowavusha kwa miguu milima ya Pirenei. Waingereza wenyewe hawakumwamini mwanzoni. Binti mdogo hivi, kutoka Brussels? Akaanzisha njia iliyokuja kuitwa Comète, akavusha watu zaidi ya 100 yeye mwenyewe, wengi wao marubani. Kituo cha mwisho kabla ya milima kilikuwa shamba la mjane mmoja huko Urrugne, Frantxia Usandizaga, aliyewapa wasafiri chakula na mahali pa kukausha miguu. Januari 1943 wakakamatwa wote wawili shambani humo.

Alipohojiwa, Andrée alikiri mwenyewe, ili kumwokoa baba yake, kwamba kiongozi wa njia nzima ni yeye. Wajerumani hawakukubali. Walikuwa na mkuu wa mtandao mikononi, amesema kwa kinywa chake, wakaamua anamfichia mwanamume fulani. Wakampeleka Ravensbrück kama mfungwa wa kawaida, na hivyo akaishi. Frantxia alifia huko huko Ravensbrück mwaka 1945. Baba yake Andrée, Frédéric, walimpiga risasi tarehe 28 Machi 1944. Wapi? Mont-Valérien.

Dharau ya adui ndiyo iliyokuwa silaha ya wanawake hawa. Askari darajani alimwona mtoto na maziwa. Mpelelezi alimwona binti anayedanganya. Afisa wa Kijerumani pale jumba la makumbusho la Jeu de Paume, Paris, alimwona mwanamke mkimya wa miwani anayepanga michoro, kumbe ni Rose Valland, anakijua Kijerumani na anaandika kila mchoro wa wizi unakwenda wapi. Wote walishinda kwa sababu hawakuonekana. Vita vilipokwisha, walipaswa waonekane. Badala yake waliokaa mezani kuandika orodha, watu wema kabisa, wa upande wetu, walivaa miwani ya yule askari wa darajani. Wakaona maziwa.

Andrée de Jongh baada ya vita alisomea uuguzi, akaja kwetu Afrika kuhudumia wenye ukoma: Kongo ya Wabelgiji kwanza, kisha Kamerun, kisha Addis Ababa. Wenzangu Wakongo nilipowasimulia walinyamaza kidogo, halafu mmoja akasema, "Kwa hiyo huyu naye alikuwa mhudumu kama sisi." Naam, kama sisi.

Sisemi kwamba wanawake wote wa wakati ule walikuwa malaika. Barua za kuchongea majirani kwa polisi ziliandikwa na wake kwa waume, na kuna milango mingi iliyofungwa usoni pa mtu mwenye mtoto mgongoni. Kadhalika sisemi kwamba hamjafanya lolote. Mwaka 2015 mliwaingiza Panthéon, jumba la mashujaa wa taifa, Germaine Tillion na Geneviève de Gaulle-Anthonioz, wanawake wa upinzani. Mwaka 2021 Josephine Baker. Mwaka 2024 alipoingia Missak Manouchian, majina ya wenzake, pamoja na Olga Bancic, yaliandikwa humo, na Mélinée akalazwa ubavuni mwa mumewe. Nilitazama kwenye televisheni nikalia kama nimefiwa. Lakini Mélinée alikuwa mwanachama wa kundi lile kwa haki yake, alipiga chapa makaratasi yao na kuchunguza mahali pa mashambulio, na bado ameingia kama mke. Hata hapo Mont-Valérien, katika pango la makaburi upande wa mbele wa kilima, wamo wanawake wawili, Berty Albrecht na Renée Lévy, pamoja na askari kutoka makoloni ya Afrika. Najua. Niliwaamkia. Ila hao wote mmewachagua mmoja mmoja, kama lulu. Dobi hachaguliwi kwa njia hiyo.

Tarehe 24 Januari 1943 gari moshi lilitoka Compiègne na wanawake 230, wengi wao wakiwa wafungwa wa upinzani kutoka ngome ya Romainville, likawapeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Walikuwamo mabinti wa shule, washonaji, makarani, wakulima, daktari wa meno, mama wa nyumbani. Waliorudi ni 49. Wengi walikamatwa kwa magazeti ya siri, kwa kumlaza mtu, kwa kupeleka kifurushi. Hayo ndiyo makosa yao: kulaza, kupeleka, kupiga chapa. Wauaji wao hawakuona kwamba ni mambo madogo.

Nyumbani kwetu nako tumeyajua haya. Wakati wa Mau Mau wanawake walipeleka chakula na risasi msituni, na walipokamatwa walifungwa Kamiti na kwingineko. Miaka mingi wakawa "wake wa wapiganaji". Lakini nendeni Nairobi, Uhuru Park, mkaone mnara uliozinduliwa mwaka 2015. Mna watu wawili: mpiganaji, na mwanamke anayempa kikapu cha chakula. Wamepeana visogo. Hawatazamani, ili akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwenzake. Kila nikienda likizo hupita pale. Kile kisogo kinaeleza kazi ya siri kuliko kitabu kizima, na bila kile kikapu yule mwanamume asingekuwa na nguvu ya kusimama hapo. Aliyelipia mnara ule ni serikali ya Uingereza, iliyokuwa adui. Basi kama adui wa jana ameweza kumchonga mwanamke mwenye kikapu, nyinyi mnashindwaje na mama zenu wenyewe?

Ninachoomba si pesa nyingi. Pale kwenye uwazi, karibu na kengele, wekeni jiwe la wanawake wa Ufaransa waliohukumiwa kifo na kupelekwa kuuawa kwingine, jina, mahali na namna, mkianza na Olga: Stuttgart, 10 Mei 1944, alikatwa kichwa. Mtu akimaliza kusoma kengele ageuke alione. Asilazimike kumuuliza mwongozaji. Na nyinyi mameya, vibao vya ukutani vianze kusema pia "hapa walilazwa watu", "hapa zilipigwa chapa karatasi", "mtunza mlango wa jengo hili alinyamaza", pale ambapo ushahidi upo. Ushahidi upo. Kwenye nyaraka za jeshi za Vincennes mna majalada ya watu zaidi ya 600,000 wa upinzani, na ninyi wakuu wa nyaraka mnaweza kuyafungulia njia ya kutafutwa kwa kazi iliyofanywa, si kwa jina na mtandao peke yake. Mjukuu anayejua tu kwamba bibi yake alikuwa dobi katika mji fulani aweze kumpata.

Na katika makumbusho yenu, futeni neno "alisaidia". Nimelihesabu kwenye makumbusho moja alasiri moja, chini ya picha za wanawake, nikaacha kuhesabu nilipofika kumi na saba. Chini ya picha za wanaume imeandikwa aliongoza, alishambulia, alivusha, alisafirisha. Mwanamke aliyesafirisha ameandikwa alisaidia kusafirisha. Huyo aliyemsaidia yuko wapi kwenye picha?

Wanawake wa nchi hii walipiga kura kwa mara ya kwanza tarehe 29 Aprili 1945, wengine wakiwa wamerudi kutoka kambini wiki hiyo hiyo, wengine bado hawajarudi. Naliacha hapo, mnalijua.

Limebaki jambo moja la binafsi. Bibi alipofariki, watoto wake walikuwa wanatoa vitu nyumbani, na mkebe wa maziwa ulikuwa umewekwa kwenye boksi la vyuma chakavu. Niliuomba wakanipa. Uko hapa jikoni kwangu, juu ya friji. Tako la pili limelegea. Ukiubana pembeni kwa kidole gumba linatoka, na ndani kuna alama ya kutu yenye umbo la karatasi iliyokunjwa mara nne. Familia imekubali niutoe kwa makumbusho yoyote itakayoutaka. Nitaukabidhi bure na nitauleta mwenyewe kwa basi. Ila nitaomba nione kwanza kadi itakayowekwa chini yake, na kama imeandikwa "alisaidia", nitarudi nao nyumbani.

Wenu,
Mhudumu wa wazee, Nanterre